Jina la Baba Nililolikata

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo: fundi wa visima, mama anayeshona sare za shule, jamaa mmoja wa Kamenu anayeuza vifaranga wa siku moja. Nakaa Ngoingwa, mtaa wa Thika, kwenye chumba ambacho nusu ni ofisi na nusu ni kitanda. Wateja wangu wote hutaka kitu kimoja. Wanataka mtu akiandika shida yake kwenye simu, jina lao litokee la kwanza. Ukimwambia mteja wa Thika kwamba yuko nafasi ya nne, anakukasirikia kana kwamba wewe ndiye uliyemweka huko.

Kwa kazi hiyo natumia plagini, kiprogramu kidogo unachokichomeka ndani ya tovuti, nacho kinasoma kila unachoandika na kukupa maksi. Unakiambia neno kuu ni lipi, yaani lile ambalo watu wakilitafuta ungependa wakupate, halafu kinaanza kukusimanga. Neno kuu halimo kwenye sentensi ya kwanza. Picha haina maelezo. Maandishi ni machache. Pembeni kuna duara dogo: likiwa jekundu umeanguka, la machungwa umejaribu, la kijani umepita. Nimeishi na duara hilo miaka mingi, hadi nikiliona kijani nasikia raha mwilini, raha ya kipumbavu, ya mtoto aliyepigiwa tiki na mwalimu. Nayasema haya mapema kwa sababu raha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kaka yangu mkubwa alipotea mwaka juzi, mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Alikuwa amepanga chumba Ruiru, ukitoka Thika kuelekea Nairobi, karibu na kiwanda cha biskuti alichokuwa akifanyia kazi. Mwenye nyumba alitupigia kutuambia kwamba hajalala pale wiki nzima. Tulikuta godoro, jiko, na viatu vyake vya kanisani vimepangwa mlangoni. Simu yake ilikuwa imezimwa. Tuliandikisha polisi, tukazunguka hospitali, halafu tukazunguka kule kwingine ambako hakuna anayependa kukutaja. Tulibandika picha yake kwenye nguzo za stima Ruiru yote, na kabla wiki haijaisha zilikuwa zimefunikwa na matangazo ya waganga na ya watu wanaouza ploti.

Mama anakaa Kamenu, hapa hapa Thika, kwenye nyumba tuliyozaliwa. Siku moja alinitazama nikichapa kazi ya mteja kwenye meza yake ya kulia chakula, akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza kwamba namsaidia mwenye vifaranga apatikane.

"Akitafutwa tu anapatikana?" akauliza.

"Kama nimefanya vizuri."

"Haiya. Na kaka yako je, binti yangu? Huyo hawezi kupatikana?"

Hakusema kwa kunisuta, ila ilinichoma kama amenisuta. Nilirudi Ngoingwa jioni hiyo hiyo nikaanza ukurasa wa kaka yangu. Wazo lilikuwa rahisi. Kuna mtu mahali fulani amemwajiri, au amempangisha, au anasali naye kanisa moja, na siku moja mtu huyo atapatwa na shaka aandike jina lake kwenye simu. Siku hiyo nilitaka akutane na sisi kwanza.

Hapa lazima nieleze majina yetu. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Baba alikuwa na mdogo wake, na mdogo wake naye alipopata mtoto wa kwanza alimpa jina lile lile, la babu yule yule. Babu mwenyewe alikuwa na jina la ubatizo ambalo familia nzima ililipenda, basi wajukuu wote wawili wakabatizwa nalo. Kwa hiyo kaka yangu na binamu yangu wanalingana majina mawili ya kwanza, herufi kwa herufi. Kinachowatenganisha ni jina la tatu, la baba wa kila mmoja. Nyumbani hatupati shida: mmoja ni wa Kamenu, mwingine ni wa Githurai, maana binamu anakaa Githurai 45.

Nilijaza neno kuu: majina matatu ya kaka, halafu Ruiru, halafu amepotea. Plagini ikalalamika kwamba neno kuu ni refu mno. Nikatoa Ruiru, nikairudisha, kwa sababu ndiko alikoonekana mara ya mwisho. Nikatoa jina la baba. Malalamiko yakakoma. Na kwa kuwa plagini inataka neno kuu lilingane kila mahali, nikalitoa jina la baba kwenye kichwa, kwenye sentensi ya kwanza, na kwenye maelezo ya picha. Baba alikuwa amekufa miaka sita nyuma, na mimi nilimfuta kwenye jina la mtoto wake bila hata kuinua macho, nikaenda kwenye kosa lililofuata.

Kosa lililofuata lilikuwa uchache wa maneno. Nilikuwa nimeandika urefu wake, kovu lililo juu ya nyusi ya kushoto, koti la kijivu, na namba yangu ya simu. Duara jekundu. Nikataka kuongeza, nikakwama. Huyu ni kaka niliyekula naye sahani moja, aliyenibeba mgongoni kuvuka mto tukienda shule, na sikuweza kujaza ukurasa mmoja kumhusu. Sikujua marafiki zake wa Ruiru. Sikujua kama bado alikuwa akienda kanisani. Sikujua anacheka nini siku hizi. Niliyoyajua kwa uhakika ni yale tuliyokuwa tukigombania: pombe, na jinsi alivyofutwa kazi kiwandani kwa kufika zamu amelewa, si mara moja. Basi nikaandika hayo. Yalikuwa mengi, yalikuwa tayari kichwani, na kila aya niliyoongeza ilisukuma maksi juu. Nilijiambia kwamba aliyemwona akilewa atamkumbuka kwa ulevi, kwa hiyo nasaidia.

Ya kwangu sikuyaandika. Jumapili moja kabla hajapotea alikuja kwa Mama saa ya chakula cha mchana akiyumba, Mama akiwa na wageni wa kanisani, na mimi nikasimama mbele ya wote nikamwambia atoke na asirudi mpaka awe mtu. Alitoka. Aliufunga mlango polepole sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Hilo halikuingia kwenye ukurasa, na plagini haikuniuliza.

Mwisho kabisa kuna maelezo mafupi, ile mistari miwili inayotokea chini ya jina mtu akitafuta. Ina kipimo chake, na ukiandika kidogo kipimo kinabaki cha machungwa. Nilianza na "Familia inamtafuta." Ilikuwa fupi. Nikaongeza neno hapa na pale, na ikaishia hivi: jina, wa Ruiru, aliyefutwa kazi kwa sababu ya ulevi, hajulikani aliko, familia inamtafuta. Kipimo kikawa kijani. Duara nalo likawa kijani. Niliinuka nikachemsha chai, nimeridhika na nafsi yangu. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sikuishia hapo. Niliwaomba wateja wangu wote waweke kiungo cha ukurasa huo kwenye tovuti zao, na karibu wote wakakubali kwa roho safi. Mwenye vifaranga aliuweka juu kabisa, kabla ya vifaranga. Baada ya wiki kadhaa ukiandika majina yale mawili, hata bila Ruiru, kaka yangu alikuwa wa kwanza. Nilimpelekea Mama simu aone. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea, nikiruka yale ya pombe. Aliweka kidole chake kando ya picha mpaka kioo kikazima chenyewe.

"Sasa atapatikana," akasema.

Miezi ikapita bila mtu kupiga, isipokuwa matapeli wawili. Halafu binamu yangu wa Githurai akaja Ngoingwa bila kupiga simu kwanza, jambo ambalo si tabia yake. Ni mtu mpole, dereva, mwenye watoto wawili. Alisimama katikati ya chumba, akakataa kiti.

"Siz, dada yangu, hebu niangalie vizuri," akasema. "Mimi nimepotea?"

Nikadhani ni utani, nikacheka.

"Usicheke. Kuna shule Ruiru walikuwa wanichukue niendeshe basi ya watoto. Nimefanya majaribio, nimepita, nimeambiwa ningoje simu. Kungoja, kungoja, nikaenda mwenyewe. Naambiwa nafasi imejazwa. Ni msichana wa ofisi ndiye alinionea huruma, akanionyesha kwa simu. Waliandika jina langu, wakapata mlevi aliyefutwa kazi."

"Lakini huyo si wewe. Hata picha si yako."

"Iangalie hiyo picha."

Niliiangalia. Ilikuwa picha ya harusini, ndogo, nimeikata kutoka kwa kundi la watu. Paji la uso lilikuwa la babu. Masikio yalikuwa ya babu. Aliyesimama mbele yangu alikuwa na paji hilo hilo na masikio hayo hayo. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo.

"Andika jina la baba yenu hapo," akasema. "Hiyo tu ndiyo naomba. Kila mtu abebe jina la baba yake."

"Nikiliongeza, ukurasa utashuka."

"Utashuka uende wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za neno kuu na duara, na nilipokuwa nikieleza nilijisikia ninavyosikika. Alinisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu. Nikamwahidi nitarekebisha siku hiyo hiyo. Nikamkaribisha chai, akasema ameshiba. Binamu yangu hajawahi kukataa chai nyumbani kwetu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na hata kama ni kaka yako, siz. Siku akijisoma hivyo?"

"Akijisoma atakuwa amepatikana," nikamjibu, kwa ukali, kwa sababu alikuwa amenigusa mahali pabaya.

Sikurekebisha siku hiyo. Sikurekebisha wiki hiyo wala iliyofuata. Kila asubuhi nilifungua simu nikaangalia, kaka yangu bado wa kwanza, nikajiambia kesho. Nilikuwa nimepima watu wawili kwenye mzani na kuamua kwamba binamu anaweza kungoja, kwa sababu yeye angalau yuko. Si jambo ninaloweza kulipaka rangi. Mwishowe ni Mama aliyeniuliza kwa nini yule wa Githurai haji tena kumjulia hali. Siku hiyo nililirudisha jina la baba kila mahali. Duara likawa la machungwa. Baada ya siku chache mtu akiandika majina mawili alilazimika kuteremka na kuteremka ndipo atupate. Nilihisi nimemwachilia kaka yangu mkono katikati ya watu wengi. Nilimpigia binamu kumwambia nimerekebisha, akasema asante, vizuri tu, na shule ilikuwa imeshapata dereva.

Yale ya ulevi niliyaacha. Hakuna aliyeniomba niyatoe, isipokuwa binamu pale mlangoni, na niliamua kwamba lile lilikuwa swali tu.

Simu ilikuja Jumatano, saa saba mchana, namba nisiyoijua. Nikaitika kwa sauti ya kazi.

"Ni mimi," akasema.

Nikakaa kitandani. Nyuma yake kulikuwa na makelele ya stendi, watu wakiita abiria.

"Uko wapi? Uko mzima? Uko wapi?"

"Nimesoma ile kitu."

Nikajua mara moja ni kitu gani, lakini nikauliza.

"Niliandika majina yangu, yote matatu," akasema. Sauti yake ilikuwa safi, kavu, ya mtu asiyelewa. "Nilitaka kuona kama mnanitafuta. Nilijiambia, kama wananitafuta, naenda. Kama hawanitafuti, sitawasumbua. Nimeandika, mkatokea wa kwanza kabisa."

Kumbe jina la baba lilitosha. Duniani hakuna mwingine mwenye majina hayo matatu, na yeye peke yake ndiye angeyaandika yote. Nilikuwa nimehangaika na neno kuu miezi yote hiyo kwa ajili ya watu wasiomjua, na sikuwahi kufikiri kwamba wa kwanza kumtafuta angekuwa yeye mwenyewe.

"Chini ya jina mmeandika mlevi."

"Hatukuandika mlevi," nikasema. "Tumeandika kufutwa kazi kwa sababu ya..." Mungu anisamehe, nilikuwa nikimsahihisha kama mteja.

"Sijaonja tangu niondoke," akasema. "Hata chupa moja. Nilikuwa nataka nije nikiwa mtu, vile ulisema."

"Rudi nyumbani. Naifuta sasa hivi, ukiwa kwa simu. Rudi tu."

"Mama amesoma?"

"Nilimsomea mimi. Hayo niliyaruka."

"Uliyaruka," akarudia. "Kwa hivyo uliona hayafai kusikiwa na Mama, lakini yanafaa kusikiwa na kila mtu."

Nililia. Nilimwomba msamaha kwa ile Jumapili, kwa ukurasa, nikayachanganya yote, sidhani alielewa hata nusu. Akaniambia nisilie, akaniambia simu si yake na mwenyewe anaihitaji, akakata.

Nilipiga tena papo hapo. Ikashikwa na mwanamke. Alikuwa mama anayeuza chakula kando ya stendi ya Ruiru, na jamaa alikuwa amemwomba simu.

"Mwambie angoje," nikasema. "Nakuja. Mwambie dada yake anakuja."

"Ameshaenda, mama. Amenirudishia simu, akashukuru, akaenda."

"Ameelekea wapi?"

"Amevuka. Gari za Thika ziko upande huu wangu, zinaita watu hata sasa. Yeye amevuka, akapanda za kwenda Nairobi."

Niliufuta ukurasa wote kabla sijavaa viatu. Nikaandika jina lake kwenye simu na ile mistari miwili bado ilikuwa pale, ulevi na yote, kwa sababu kitu ukishakipandisha hakishuki siku hiyo hiyo. Mashine ya kutafutia huweka kumbukumbu yake na huichukua muda kukubali kwamba umebadilisha nia. Nawaambia wateja jambo hilo kila mara, na huwa wanadhani ni visingizio. Nikapanda boda hadi Kamenu.

Mama alikuwa nje akichagua maharagwe. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilipofika pale kwamba yu hai, alimtaja Mungu kwa Kikuyu, "Ngai", kwa sauti ndogo, akaweka ungo chini. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikikoma hapo sitasema mengine. Nilikuwa na nakala ya ukurasa kwenye simu. Nikaketi kwenye kigoda nikamsomea wote, safari hii bila kuruka, ulevi, kiwanda, zamu, na jina la kaka yangu likirudiwa na kurudiwa kama plagini ilivyotaka. Kisha nikamwambia kuhusu barabara na upande aliovuka. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nataka anifukuze.

Aliokota harage moja lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo.

"Huyo mama wa simu," akasema, "umesema anauza chakula?"

"Ndiyo."

"Alikula?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimeuliza alikoelekea, nikamwomba kaka msamaha, nikajieleza, nikalia, na hilo halikunijia kabisa.

"Piga," akasema Mama.

Nilipiga. Yule mwanamke alikuwa na wateja, akanijibu harakaharaka. Alikula, akasema. Sahani ya githeri, mahindi kwa maharagwe, akamwongeza kidogo kwa sababu alionekana mtu wa mbali, akaimaliza.

Nikamwambia Mama kwamba alikula, akaongezwa, akamaliza. Akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri. Halafu akajifunika uso kwa leso, na kwa mara ya kwanza tangu kaka apotee nikamsikia akilia.